Walipopalilia Nyasi Zako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuanza bila shikamoo nimeshindwa. Najua pia utauliza kwanza habari za ng'ombe wako Madoa, kabla hata ya kuniuliza mimi mwanao kama mzima. Subiri, nitafika huko.

Ulipozikwa, Baba mdogo alisema wazi mbele ya ndugu kwamba Madoa atakaa kwangu mimi hadi kiangazi, malisho yakikatika atamchukua kwake Hale. Sikumlaumu. Kila kiangazi ulikuwa unamzungusha Handeni nzima na bado mbavu zake zinahesabika. Ndiyo maana vuli ile, kabla hujaugua, ukapanda zile nyasi za kudumu, za kupandwa mara moja na kukatwa miaka. Wazee wenzako walikucheka! "Mzee maisha yake yote anapalilia nyasi, leo anazipanda!"

Nakumbuka mbegu zile nyepesi zenye manyoya, upepo kidogo tu ziko kichwani mwangu. Ukazichanganya na mchanga mkavu, ukazimwaga juu ya udongo uliolainishwa, ukazifunika kidogo tu kwa kuburuta tawi. Mimi nikawa nafukia kwa jembe kama mahindi. Ukanigombeza: "Wee Mwajuma, unapanda au unazika?" Nacheka hadi leo. Halafu nalia kidogo, halafu nacheka tena.

Sasa sikia vituko. Siku ya arobaini yako, mvua za masika ndiyo zinaanza, mimi niko jikoni na sufuria la pilau. Jirani yetu Mama Rukia akakusanya kina mama na majembe. Nia yao njema kabisa: shamba la marehemu limeota nyasi tangu augue, wacha tumsaidie mtoto wake. Baba, walilipalilia! Lote! Waling'oa kila shina, wakakung'uta udongo, wakalundika pembeni, kisha wakaniita nione palivyo safi.

Nilikaa chini palepale, mwiko mkononi. Walidhani nimeguswa na wema wao. Nikasema tu, "Ndizo zenyewe hizo."

Mama Rukia akajishika kichwa. "Zipi? Hizi? Uwii, tumemng'olea marehemu shamba!"

Kicheko kilimtoka mmoja, kikamshika wa pili, na mimi niliyekuwa sijacheka tangu uondoke nikacheka hadi kanga ikanidondoka.

Hapo ndipo nikakumbuka ulivyoniambia kwamba nyasi hizi hupandwa kwa mashina pia. Tukakata majani, tukabakiza urefu wa kiganja. Tukachana kila shina vipande vitatu, kila kipande na mizizi yake, tukapanda kwa nafasi ya hatua moja na kushindilia kwa kisigino. Mvua ikatukuta hapohapo, kina mama wazima na nguo zao za hitma, matope hadi magotini. Pilau iliungua chini, wageni wakaila hivyohivyo.

Zilishika, Baba. Magugu niling'oa kwa mkono, safari hii magugu kweli. Madoa sikumruhusu kukanyaga. Nilingoja zifike kiunoni ndipo nikakata, nikiacha kiganja kizima juu ya ardhi ili zichipue, nyingine nikazikausha na kuzifunga mafungu. Kiangazi kikaja kikali, mahindi ya watu yakabaki mabua, na shamba lako likawa na kijani chini chini.

Wiki iliyopita Baba mdogo akaja na kamba. Niliiona tangu yuko njiani, nikajua amemfuata Madoa. Akamzunguka Madoa, akampapasa mbavu, akazitafuta wala asizipate. Akaenda shambani, akachuchumaa, akawa anashikashika mashina. Mwisho akaniambia, "Nipe jembe."

Aliyachimba mashina mwenyewe, akayapande kwake. Kwake Hale mto uko karibu, atayamwagilia hadi vuli. Aliondoka na gunia la mashina nyuma ya bodaboda, amelifunga kwa ile kamba ya ng'ombe. Natamani ungeiona sura yake.

Pumzika, Baba, Mungu akulaze pema. Nakuahidi sitazikata kupita kiasi zikachoka, na vuli ikinyesha nitazipanda mpaka mwisho wa shamba. Madoa ana mimba. Atazalia hapahapa nyumbani.

Binti yako,
Mwajuma