Kliniki ya Baba, Migwani

Jumatatu, 8 Juni 1992

Nairobi tena, kwa Bodi ya madaktari. Karani mwenye tai fupi alishika digrii yangu kwa vidole viwili kama amepewa kitambaa cha pua. Kharkov ni Urusi? Nikasema siku hizi ni Ukraine. Akasema basi waliokupa hii ni Soviet Union, na Soviet Union si ilikufa? Nilete barua ya kuthibitisha. Kutoka kwa nani — marehemu?

Miaka saba ya kusoma! Mtihani wao nimepita. Imebaki internship tu, mwaka mmoja chini ya daktari mkubwa, ndipo nipate leseni. Lakini waliosomea hapa hupangwa kwanza. Sisi wa nje tungoje, kama makombo.

Alhamisi, 18 Juni

Nimejitafutia mwenyewe. Daktari Wahome, mkuu wa hospitali kubwa, alinikubali! Aliniuliza juu ya kifafa cha mimba, nikamjibu mpaka akaweka kalamu chini. Ataniombea kwa Bodi.

Halafu akaharibu. Ati wenzangu wawili wa kutoka nje walifungua vichumba wakatibu watu bila leseni. Akisikia hivyo kunihusu, nisahau hospitali yake. Mimi! Ananiona kama wale wauza dawa ya minyoo sokoni. Nikasema ndiyo daktari, asante daktari. Nyoo.

Jumanne, 30 Juni

Nimefika nyumbani Migwani. Baba ametoa magunia ya mahindi kwenye stoo nyuma ya duka lake, akapaka chokaa, akatundika kibao: DR. MBINYA NDOLO, MOSCOW. Moscow nilipita airport tu!

Nikamweleza pole pole: sina leseni, Baba, mpaka nifundishwe kazi mwaka mzima kwa Daktari Wahome; naweza kufungwa. Akauliza, daktari anafundishwa kazi tena? Kwani huko walikuwa wanakufundisha nini? Nikamwambia hata sindano siruhusiwi kumdunga mtu. Akakifunika kibao na gunia, uso umemshuka. Ati kuiacha rangi ikauke si dhambi. Mzee wa kanisa huyo!

Ijumaa, 10 Julai

Wanakuja. Goti, tumbo, mtoto anayeharisha. Wote nawatuma dispensari. Leo Kalondu wa hapo jirani amesema kwa sauti, nisikie, kwamba pengine nilisomea ng'ombe. Afadhali ningesomea ng'ombe! Ng'ombe hawasengenyi.

Sijamgusa mtu hata mmoja. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayeuliza.

Jumapili, 19 Julai

Ibada ya shukrani kwa ajili yangu. Kwaya tatu, mbuzi wawili. Nilikuwa nanong'ona na Mama kuhusu sufuria wakati mgeni wa heshima alipoingia. Daktari Wahome! Baba alimwendea mwenyewe bila kuniambia. Ati mkubwa akila kwako hawezi kukunyima kitu.

Nikadhani ni chakula tu. Aiii! Baada ya maombi kanisa lote likapelekwa nyuma ya duka, likiimba. Gunia limetolewa. Utepe mwekundu mlangoni. Mchungaji akampa Daktari makasi.

Daktari akasoma kibao. Akamuuliza Baba, kwa adabu kabisa, kliniki hii imeanza kazi? Na Baba — ambaye alimtoa kijana kwenye kwaya kwa kudanganya umri — akasema tangu Aprili! Wamepona wengi! Watu wakapiga makofi. Kalondu akasema amina. Kalondu!

Daktari akaweka makasi kwenye kiti. Akanigeukia: ni kweli?

Nikainama kunyoosha utepe. Mimi, ambaye sinyamazii mtu! Lakini kanisa lote lilikuwa linanitazama, na Baba amesimama hapo na suti yake ya harusi.

Daktari akasema atakula, kwa heshima ya mzee, kisha kabla hajaondoka nimjibu kwa mdomo wangu. Nikakimbilia chumbani, eti natafuta vitambaa vya meza, na ndipo ninapoandika haya.

Baba amenifuata. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, nilidhani Daktari akisikia una watu wengi atakuchukua haraka. Nani anachukua mtu ambaye hajawahi kufanya kazi?

Mjinga! Mjinga wangu! Nimeandika hivyo na machozi yananidondoka, naye ananiangalia nikiandika, hajui ni nini.

Nikamwambia namwendea Daktari sasa hivi, namweleza yote. Akafunga mlango kwa mgongo. Akaniita mwaitu, mama yangu, kwa vile nina jina la mama yake. Akasema kamweleze unavyotaka, mwaitu, lakini usiseme mbele ya kanisa kwamba Ndolo amedanganya.

Basi nitasema nini? Nimetibu watu? Nitupe miaka saba?

Huko nje wanamwimbia mgeni wimbo wa kwaheri. Gari imewashwa. Nimesema, Baba, nipishe.

Bado amesimama mlangoni.