Waya wa Taa za Miche

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Ndeshi Elihuruma (Mama Oscar)
Umri: Miaka 43
Kabila na dini: Mchaga, Mkristo Mlutheri
Kazi: Mkulima wa miche ya mboga
Makazi: Olmotonyi, Wilaya ya Arumeru
Tarehe na muda: 14/07/2025, saa 4:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Tarehe 10 Julai nilitoa maelezo ya kwanza hapa kituoni. Kuna jambo nililiacha kwa makusudi. Leo nimekuja kulisema, kwa sababu fundi Lemburis yuko mahabusu kwa kosa ambalo si lake.

Ninaishi na mdogo wangu Ndesanjo na mke wake, wifi yangu Nice. Tunaotesha miche ya nyanya na hoho. Mwezi wa sita na wa saba ukungu wa Meru unashinda juu ya paa, miche inakosa jua, inarefuka na kulegea. Kwa hiyo tulisafisha stoo, tukaweka rafu za chuma na kuning'iniza balbu juu ya trei.

Mnamo tarehe 14 Juni, Jumamosi, saa 3 asubuhi, fundi Lemburis, ambaye ni jirani yetu, alikuja kufunga umeme. Mimi nilishamwekea waya wa spika uliobaki kwenye redio ya zamani. Aliushika, akanirudishia. Akasema, "Mama Oscar, huu ni wa muziki. Ganda lake jembamba, na humu mtamwagilia kila siku." Akatumia waya mnene wenye nyaya tatu ndani. Ule wa kijani aliufunga kwenye rafu yenyewe. Alinieleza kwamba waya ukichubuka na kugusa chuma, umeme utapita kwenye huo wa kijani na swichi kubwa itajikata kabla mtu hajadhurika. Nilimtania, "Fundi, hizi ni taa za nyanya, si za ikulu." Alicheka, lakini hakubadilisha kitu. Mimi ni mbishi, hilo Olmotonyi nzima wanalijua, na moyoni niliona anajitafutia kazi tu.

Mnamo tarehe 8 Julai, Jumanne, saa 10 jioni, Emmanuel, kijana wa kwaya, alikuja kwangu. Mzee Sakaya alikuwa amefariki, na turubai la msiba halikuwa na taa kwa sababu waya waliokuwa nao haukufika. Msibani watu hawanyimani. Ndesanjo na Nice walikuwa shambani. Nilizima swichi, nikafungua waya wa fundi kwa bisibisi, nikampa Emmanuel wote. Nilijua ni wa siku tatu tu, mpaka maziko yapite.

Kisha nikachukua ule waya wa spika nikaufunga mahali pake. Una nyaya mbili tu. Plagi ilibaki na tundu moja tupu, na rafu ikabaki bila waya wa kijani. Maungio niliyazungushia selotepu. Nilipowasha, taa zote ziliwaka kama kawaida. Nakumbuka nilifurahi, nikasema kumbe ule wa tatu haukuwa na kazi. Sikumwambia mtu yeyote.

Mnamo tarehe 10 Julai, Alhamisi, saa 1:40 asubuhi, nilikuwa jikoni. Nice aliingia stoo kumwagilia. Nilisikia trei zinaanguka. Nilipofika alikuwa ameganda na rafu, mkono wa kulia umeshika chuma, hawezi kupiga kelele. Nilikimbilia swichi kubwa nikaizima, akaanguka chini, hana fahamu lakini anapumua. Ule waya wa spika ulikuwa umekatwa na ukingo wa rafu.

Ndesanjo alimpigia fundi simu. Lemburis alifika akikimbia, na kandambili moja imemtoka njiani. Aliinama akautazama waya, akasema, "Huu si waya niliofunga mimi." Ndesanjo akamkaba shingo. Akawa anamtikisa na kumwambia, "Umemuua mke wangu kwa waya wa redio." Fundi hakujitetea kwa mikono. Alinigeukia mimi, akauliza, "Mama Oscar, nani amegusa huku?" Nikanyamaza.

Siku hiyo hiyo fundi alikamatwa, na afande akaniuliza swali hilohilo. Nikajibu kwamba mambo ya umeme siyajui. Jioni nilikwenda msibani nikauchukua waya wa fundi, nikaufukia ndani ya kiroba cha pumba. Leo nimekuja nao, na nimeukabidhi.

Jana, Jumapili, saa 8 mchana, nilikuwa hospitali. Madaktari wametuambia vidole viwili vya Nice havitapona. Mke wa fundi, Nkasiogi, aliingia na chupa ya maziwa ya mgonjwa. Nilijua amekuja kutukana, maana mimi ningetukana. Akasema, "Shikamoo, Mama Oscar. Mume wangu, Baba Simaloi, ameniagiza kutoka mahabusu niwaambie msiwashe zile taa mpaka fundi mwingine aangalie. Anaogopa usije ukaungua na wewe." Nikamwitikia marahaba, nikatoka nje nikalia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikuja kutafuta pole. Lemburis hana kosa. Naomba arudi kwake leo.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyaficha, nimeyasema kwa hiari yangu na akili timamu.

Sahihi ya shahidi: N. Elihuruma

MAELEZO YA ASKARI: Shahidi alipofikia habari ya kubadilisha waya nilimsimamisha, nikamwonya kuwa anajitia hatiani na ana haki ya kutosema lolote. Alijibu, "Nimenyamaza siku nne, afande. Andika." Kabla ya kusaini aliomba mdogo wake, Ndesanjo, aliyekuwa akimsubiri nje, aitwe ndani. Nilimruhusu. Shahidi alimsomea mwenyewe kurasa zote. Ndesanjo akauliza, "Dada, wakati namkaba yule mtu, ulikuwa umesimama pale?" Shahidi alijibu, "Nilikuwa nyuma yako." Ndesanjo akatoka. Shahidi akasaini saa 5:50 asubuhi.

Koplo Magreth, mwandishi wa maelezo