Nilifuta neno la mama

Jumamosi, mwisho wa Oktoba. Joto kali, wingu hakuna hata moja, na mimi nina matope mpaka kwenye nyusi.

Maji! Tumepata maji! Vidole bado vina matope, kwa hiyo mkikuta herufi zimekosewa, mnisamehe.

Wanaonisoma wanamjua mama. Bomba la mtaa wetu hapa Kampemba limenyamaza tangu mwezi wa sita, na mama, mjane wa mfanyakazi wa reli, mwanamke asiyejua kukaa, akawa anabeba maji kwa bidoni, lile dumu la plastiki, kutoka kwa majirani. Mwezi wa nane akaanguka nayo. Nyonga haijapona, na bado alikuwa akiamka kabla yangu ili aibebe yeye. Nikaapa kwamba tutachimba kisima uani.

Papa Ilunga, mchimbaji, ndiye aliyetuambia tungoje mwezi wa kumi. Maji yakiwa yameshuka kabisa ndipo unachimba. Ukiyapata sasa, hayatakukimbia tena. Sawa. Lakini mita kumi, kavu. Mita kumi na tano, kavu. Jumatano akafika mita kumi na tisa, akapanda juu mwekundu kwa vumbi, akasema Jumamosi ndiyo mwisho. Kamba yake imebaki mita chache tu.

Nikaacha kusali. Ndiyo, nakiri. Mimi ninayefundisha watoto katekisimu! Nilipiga magoti, sikupata la kusema, nikainuka. Nilimkasirikia Mungu kweli kweli.

Mama, yeye, alikuwa anaosha pipa la kuwekea maji ya kisima. Kila asubuhi, pipa tupu, kwa kikombe cha maji tuliyoyapata kwa shida! Nilimgombeza. Akaendelea kusugua.

Alhamisi nikapita parokiani. Katika daftari la nia za misa, kwa misa ya kwanza ya Jumapili, nikakuta mwandiko wake: familia yetu, kushukuru kwa maji ya kisima.

Kushukuru! Kwa shimo!

Aibu ikanishika. Niliwaza majirani wakija na bidoni zao baada ya misa, wakikuta vumbi. Karani alipogeuka, nikachukua kalamu ya bic, nikafuta "kushukuru", nikaandika "kuomba". Nikajiambia nasema ukweli tu. Ukweli gani? Niliogopa. Nikarudi nyumbani, mama sikumwambia kitu.

Leo asubuhi, mwenzake Papa Ilunga, yule anayevuta ndoo, akasimama ghafla, akaingiza mkono kwenye udongo, akanusa. Mchanga mbichi! Kabla hajasema neno, sauti ikatoka chini: "Mama! Mayi inakuya! Munivute!"

Nilikimbia peku. Nilipiga vigelegele, nikamkumbatia yule mvuta kamba, masikini, nusura aiachie na Papa Ilunga bado yuko shimoni. Mama hakukimbia. Alikuja polepole akijikausha mikono, maana alikuwa kwenye pipa lake, akainama juu ya shimo akauliza kama ni ya baridi.

Ni ya baridi. Nimeyagusa mwenyewe!

Ndipo nikakumbuka daftari. Mbio mpaka parokiani: ofisi imefungwa, Jumamosi mchana hakuna mtu. Kesho padri atasoma neno langu mbele ya kanisa zima.

Ilibidi niseme. Nilimwambia mama jikoni, macho chini kama mtoto aliyevunja sahani. Alicheka mpaka akashika nyonga.

"Acha basome vile, mutoto yangu. Batasoma tunaomba mayi, na hapo hapo weye unapita na chupa ya mayi mu mukono. Bantu bataona Mungu iko mbiyo-mbiyo!"

Chupa yenyewe iko mezani hapa ninapoandika, imefungwa kitambaa cheupe, tayari kwa matoleo. Maji bado mekundu. Papa Ilunga anasema yatatakata baada ya siku chache. Mama hataki kungoja. Anasema Mungu anayajua matope yake.

Bwana, nisamehe. Ulikuwa karibu namna hiyo, na mimi nilikuwa nashindana nawe kwa kalamu ya bic.

Kesho nitapita katikati ya kanisa na chupa ya matope, watu wote wakinitazama, na najua nitalia. Wacha nilie. Ila kabla hatujatoka nyumbani, pipa naliosha mimi.