Picha Aliyoichagua Mama

Dada Esperansi, amahoro.

Baba tumemzika hapa Rumonge. Kanisani waliomba picha yake moja. Kwenye simu yangu ziko sita, zote za siku moja ufukweni Magara, karibu hazitofautiani. Nilichagua ile aliyosimama wima. Mama akaonyesha ile ambayo Baba amefungua mdomo, uso umepinda.

"Mama, hii iliharibika."

"Haiko mbaya. Hapo alikuwa ananiita tupigwe picha pamoja. Nikakataa, nikasema nimevaa vibaya."

Basi tukaiweka hiyo juu ya jeneza. Jana, alipotoka shambani na matope miguuni, Mama mwenyewe aliniomba nimpige picha.

Usilie peke yako huko Kigoma. Tunakukumbuka kila tukisali.

Mdogo wako, Feliksi