Miaka Mitatu Niliyoiruka

Mama,

Ni Jumatatu asubuhi, Kitale. Jana sikuandika kitu katika shajara. Wewe unajua sijawahi kuruka siku, hata nikiwa na malaria. Mkono ulikataa.

Rosa alikuja. Rosa yule wa kwaya ya watoto kule kwetu Kanduyi, aliyezaa bila mume, wazee wa kanisa wakamtenga: benchi la nyuma, bila meza ya Bwana. Alitoka Bungoma na binti yake, ambaye sasa ni mrefu kunishinda. Alikataa chai. Akatoa mkobani programu ya mazishi yako, imekunjwa mara nne, akaweka kidole kwenye historia ya maisha yako niliyoiandika mimi. Akasema, "Nekesa, si uliandika hata mwaka aliponunua cherehani? Kwa nini uliruka miaka yetu?"

Sikuelewa. Yetu na nani?

Unakumbuka nikiwa kidato cha pili. Ulikuwa kiongozi wa akina mama, kiti chako kilikuwa mbele, karibu na dirisha. Jumapili moja ukaamka, ukaenda kuketi nyuma kabisa. Mkate ukapita, hukula. Ikawa hivyo miaka mitatu, Mama. Nilipokuuliza ulisema tu, "Huku nyuma kuna hewa." Shuleni wasichana walinicheka, "Ati mama yako alishikwa na nani?" Nikaanza kukutangulia njiani ili nisionekane nikiingia na wewe. Nimefungua shajara ya mwaka ule. Iko pale, kwa wino mwekundu: Mama ametenda dhambi na hataki kusema.

Kumbe hukuwa umetengwa.

Rosa anasema siku ile alikuwa peke yake benchi zima, mtoto akilia, na akina mama waliokuwa mbele yake wakawavuta watoto wao mbali naye. Ukafika ukamwambia, "Songa kidogo." Mzee wa kanisa alikuja kukuita zaidi ya mara moja, kwamba wewe huna kosa, njoo mezani. Ukamjibu, "Nitakuja ukituita wawili."

Kwa nini hukuniambia? Neno moja lingetosha. Nimewaza tangu jana, na nafikiri najua. Ungejieleza, ungekuwa safi tena machoni pa watu, na Rosa angebaki mchafu peke yake.

Ile habari ya Yesu na mwenye ukoma nimeisikia tangu shule ya Jumapili. Nilichoshangaa siku zote ni kule kupona. Sikuwahi kuona kwamba alimgusa kwanza, ngozi ikiwa bado vile ilivyokuwa.

Na mimi nilisimama kando ya kaburi lako nikawasomea watu maisha yako, na sehemu nzuri kuliko zote nikaificha. Rosa alikuwa nyuma, karibu na migomba, akisubiri nifike hapo. Alidhani najua. Alidhani ninamwonea aibu yeye. Ilinibidi nimwambie kwamba niliyemwonea aibu ni wewe. Akamwambia binti yake aende akasubiri nje, kisha yeye mwenyewe akalia.

Sitaufuta wino ule mwekundu. Nimeandika chini yake yaliyotokea, na jina la Rosa, na la binti yake. Anaitwa Tabitha, jina lako. Hata hilo sikulijua.

Rosa anasema benchi lile sasa lina mzee Simiyu peke yake, ametengwa kwa sababu ya kulewa pombe ya busaa. Ndiyo, yule aliyetuibia kuku wa Krismasi. Sijamsamehe bado, nakuambia kweli, na harufu yake unaijua. Lakini Jumapili hii ni ya meza ya Bwana. Nitashuka Kanduyi asubuhi, nianzie kaburini, nikuombe msamaha kwa mdomo wangu. Halafu nitaingia kanisani.

Pumzika, Mama. Sitaenda mbele. Nitamwambia mzee Simiyu asonge kidogo.

Nekesa wako