Vidonge vya Miezi Miwili

4 Februari

Baba, shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana ukishakasirika utasahau.

Huku sote wazima. Karakana imejaa kazi. Wiki hii nimemaliza vitanda vinane vya nyumba ya wageni, na mikono inanuka vanishi hata nikila. Nakuandikia kwa sababu simu unaikata kila nikitaja hela. Barua huwezi kuikata.

Ile pesa niliyotuma Jumatatu ilirudi kwangu siku ileile. Mara ya nne hiyo, Baba! Umestaafu, hujafilisika, umeshaniambia. Lakini hiyo pensheni naijua. Niambie ukweli, mnaishije?

Binti yako,
Msumari

19 Februari

Mwanangu Msumari, marahaba. Mama yako anaitikia mara mbili, na anauliza kama kile kikohozi cha vumbi la mbao kimepungua.

Hatujambo kabisa. Miaka thelathini na moja nimeendesha pampu za maji za mji mzima, nitashindwa kuendesha nyumba ya watu wawili? Kubana matumizi ni ufundi. Taa ya sebuleni tunaizima tukihamia jikoni. Gazeti nalisoma kwa kinyozi. Hata vidonge vya presha, wenzangu paketi inawaishia mwezi mmoja, mimi inanifikisha miezi miwili. Kwa hiyo tulia, nunua mbao.

Baba yako

25 Februari

Baba, shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Paketi ina vidonge thelathini, na unatakiwa umeze kimoja kila siku. Nilienda kuuliza duka la dawa nisije nikakuonea, dada muuzaji akanitazama utadhani mimi ndiye ninayekunyima. Kwa hiyo unameza nusu, halafu unajisifu! Huo si ufundi, Baba, ni kujiua polepole.

Nimeogopa, na nimekasirika. Uliuza pikipiki yako ili mimi nisomee useremala, ukaenda kazini kwa miguu miaka mitatu. Nilikurudishia? Nilichukua, nikasoma. Nimetuma tena leo. Ukiirudisha, nafunga karakana nakuja kukaa hapo kwenu mpaka uichoke sura yangu.

Binti yako,
Msumari

6 Aprili

Mwanangu, marahaba. Tuko salama, tunakusalimu.

Nimekaa kimya karibu wiki sita. Hela sijairudisha, na sijaigusa. Barua yako mama yako aliisoma kwa sauti, kisha akaninunia siku mbili. Habari ya vidonge alikuwa haijui.

Nitakwambia jambo ambalo hata yeye sikuwahi kumwambia. Nilipoanza kazi, kila mwisho wa mwezi nilimpelekea babu yako sehemu ya mshahara. Nilipeleka, lakini njia nzima nilikuwa nanung'unika. Mwezi mmoja nikamkabidhi, nikasema kwa mdomo huu, "Kwani nyinyi hamtosheki?" Aliziweka zile noti mezani mbele yangu, akatoka nje. Hakupokea kitu kwangu tena mpaka tulipomzika.

Sitaki mwanangu anichoke kama nilivyomchoka baba yangu. Ni hilo tu. Si kiburi. Haya, kiburi kidogo kipo.

Baba yako

14 Aprili

Baba, shikamoo, na pole. Nimeisoma barua yako msumeno ukiunguruma, nikauzima, nikakaa juu ya mbao nikalia. Umelibeba hilo peke yako muda mrefu mno.

Sasa na mimi niseme langu. Mimi pia nanung'unika. Juzi kwenye foleni ya wakala nilikuwa nafikiria randa mpya ninayoitamani, nikasema moyoni, na huyu mzee naye! Halafu nikatuma. Anayesaidia mtu hununa siku mojamoja, Baba. Hata wewe ulipokuwa unatembea kwa ajili yangu, usiniambie ulikuwa unaimba.

Mimi si malaika, na sitaki unipokelee kwa sababu hiyo. Nataka uishi. Meza dawa.

Binti yako,
Msumari

2 Mei

Mwanangu Msumari, marahaba.

Kweli sikuwa naimba. Mvua ikininyeshea nilikuwa nakusema njia nzima, nikifika nyumbani nakuuliza umejifunza nini leo.

Nimekwenda kupimwa, mama yako kanishika mkono kama kakamata mwizi. Presha ilikuwa juu sana. Sasa nameza kidonge kizima kila asubuhi, na yeye hanibanduki mpaka nimeze. Hela yako imetosha dawa na imebaki, na iliyobaki tumeila.

Laiti ningemwambia baba yangu haya uliyoniambia wewe. Nadhani angepokea.

Miwani yangu ya kusomea imevunjika mkono, tangu mwaka jana naifunga kwa uzi, na barua zako nazisoma kwa shida. Mwezi ujao ukijaliwa, mwanangu, nakuomba miwani.

Baba yako