Karavani Haina Usukani

Lucky Summer,
Nairobi.

Kwa Baba,

Natumaini goti lako limetulia, na kwamba mvua mliyokuwa mkiingoja imefika shambani. Mimi ni mzima. Kazi ya alaimenti, kunyoosha magurudumu ya magari, pale Makadara inaendelea vizuri, ingawa bado wateja wakiniona wanauliza fundi yuko wapi.

Nakuandikia kwa sababu simu ya Jumapili ilituchemsha. Ulipaza sauti, nami nikapaza, kisha ukakata. Kwenye karatasi huwezi kunikata.

Nilichotaka kusema ni hiki: usiende Mombasa na ile karavani ya vinyago vyako kabla sijaiona. Umesema mwenyewe tairi la kushoto limelika ndani mpaka nyuzi zinachungulia, nawe umeligeuza kwenye rimu ili upande mzima ukae ndani. Tena Mama ataketi humo humo akishikilia vinyago visigongane, kama kila safari. Nilipokwambia huenda ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, imepinda, ulinicheka: “Karavani haina usukani, utanyoosha nini?”

Baba, kilichoniuma ni kwamba maneno hayo nimeshayakubali mara moja, na nikajuta.

Kuna mfanyabiashara mmoja, Mama Zamzam, anayepika chai na sambusa kwenye harusi. Jiko lake ni karavani inayovutwa na pikapu. Mwezi uliopita dereva wake aliileta gereji asubuhi, tairi moja likiwa na upara upande wa ndani, na nje karibu jipya.

“Fundi, geuza tu hiyo tairi tuishie,” akasema. “Harusi ni saa nane na mathe mwenye jiko ameanza kuwaka.”

“Imekula ndani. Lazima kuna kitu imepinda.”

“Zii, hii si gari. Haina stering'i. Sasa unataka kunyoosha nini?”

Nilikuwa na foleni ya magari, na wewe ndiye uliyenifundisha kugeuza tairi nikiwa sijafika hata begani kwako. Nikaligeuza. Lilipendeza, nikajisifu kimoyomoyo.

Wiki mbili baadaye lilipasuka kwenye barabara ya Outering. Karavani ikalala ubavu, sufuria na sambusa zikatapakaa lami nzima. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ndani.

Mama Zamzam alikuja gereji mwenyewe. Nilijiandaa kwa matusi, lakini aliketi tu kwenye benchi letu, akatengeneza mtandio wake.

“Binti yangu, hiyo kasoro wewe uliiona?”

“Niliiona, mama.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

Hadi leo nikikumbuka swali hilo naona haya.

Tuliipima karavani yake kwa uzi, kutoka ndoano ya mbele hadi kila gurudumu. Upande mmoja ulikuwa mfupi kwa vidole viwili, na ekseli yenyewe imelegea katikati kwa uzito. Yaani gurudumu lilikuwa likivutwa mbele huku linaelekea kando, likijisaga njia nzima. Hata tairi jipya lingeisha vivyo hivyo. Tukaweka ekseli nyingine, tukahamisha tangi la maji kutoka upande mmoja hadi katikati. Sasa matairi yake yanalika sawasawa, na kila akipita Makadara ananiletea sambusa, jambo linalozidi kunitia aibu.

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa nitapanda basi la asubuhi, tupime pamoja, wewe ushike uzi upande mmoja na mimi upande wa pili. Nikiwa nimekosea, unitanie mbele ya kanisa zima na sitajibu neno.

Nisalimie Shangazi Kalekye, mlinzi wa mbuzi wako, na Mjomba Musyoka anayekupigia msasa vinyago huku akikulalamikia. Mama mwambie namkumbuka sana, na asichinje kuku kwa ajili yangu. Najua atachinja.

Najua pia ukaidi wako, maana nimeurithi. Ukiona huwezi kuningoja, basi nenda, lakini Mama apande basi. Vinyago vikivunjika utachonga vingine.

Ni mimi binti yako, bado nimenuna kidogo,
Mwende